Zilitupwa na wenyewe, zikaokolewa na watazamaji

Jumamosi ya tarehe 25 Desemba 1965, jioni, watoto wa Uingereza walikaa mbele ya televisheni kutazama Doctor Who, tamthilia ya BBC kuhusu Daktari anayesafiri katika anga na nyakati. Kwa wiki sita mfululizo kisa kilikuwa cha kutisha, kimejaa Daleks, wale viumbe katili waliojifungia ndani ya magamba ya chuma. Lakini safari hii Krismasi iliangukia siku yenyewe ya kipindi, na watunzi wakaona si vyema kumharibia mtu sikukuu yake. Wakamtua Daktari na wenzake nje ya kituo cha polisi kule Liverpool, kisha wakawatupa Hollywood ya enzi za sinema bubu, wakavuruga kazi za watu. Mwishoni wakamiminiana kinywaji, na William Hartnell, aliyecheza Daktari, akafanya jambo ambalo mwigizaji hukatazwa kulifanya: akageuka, akaitazama kamera, akawatakia heri ya Krismasi watu wote waliokuwa majumbani.

Kipindi hicho leo hakionekani popote. BBC wenyewe walikifuta.

Kila Desemba ubishi wa marafiki huanza upya. Tamthilia ipi ya anga za juu ni bora kuliko zote? Filamu ipi ina haki ya kuitwa ya Krismasi na ipi imejipachika tu? Wengine huuona ubishi huu kuwa ni wa watu wasio na kazi. Mimi nauheshimu, kwa sababu vingi kati ya vitu tunavyovibishania visingekuwepo kama wangeachiwa wenye mali peke yao. Vimebaki kwa sababu kuna watazamaji waliokataa kuacha kuvizungumza.

Sababu ya BBC kufuta vipindi vyao ilikuwa na mantiki yake. Mkanda wa video wa miaka ya 1960 ulikuwa na upana wa inchi mbili na bei yake ilikuwa kubwa, tena uliweza kurekodiwa upya. Makubaliano na chama cha waigizaji yalizuia kipindi kurudiwarudiwa. Deki za majumbani hazikuwepo, na rangi ilipoingia, picha za weusi na weupe zikakosa mnunuzi. Kwa mhasibu, mkanda uliokwisha kuonyeshwa ulikuwa unakula nafasi tu. Basi kuanzia 1967 hadi 1978 mikanda ikafutwa, na filamu zilizonakiliwa kwa ajili ya kuuzwa nje zikateketezwa. Kati ya vipindi 253 vya Doctor Who vya muongo ule, karibu 100 vilipotea.

Lakini wakati huohuo, sebuleni mwa watu, kulikuwa na vijana wenye redio za kurekodia. Walichomeka waya pale ilipowezekana, na iliposhindikana waliishika maikrofoni mbele ya spika ya televisheni na kuamuru nyumba nzima inyamaze kwa dakika 25. Hawakutumwa na mtu wala hawakulipwa. Walitaka tu kukisikiliza tena kile walichokipenda, maana walijua hakitarudiwa. Matokeo yake ni haya: hakuna kipindi hata kimoja cha Doctor Who ambacho sauti yake haipo. Vyote vilivyopotea vinasikika, pamoja na hicho cha Krismasi ya 1965. Na kulikuwa na bwana mmoja wa London, John Cura, aliyejipatia riziki kwa kuipiga picha skrini ya televisheni wakati vipindi vikiendelea, kisha akawauzia waigizaji na waongozaji picha hizo kama kumbukumbu. Leo BBC wanapotengeneza katuni za vipindi walivyovifuta, kama walivyofanya kwa The Power of the Daleks mwaka 2016, wanaegemea sauti zilizohifadhiwa na wale vijana. Shirika zima linasimama juu ya kazi ya watoto wa darasani.

Marekani kuna kisa kinachofanana na hiki, ila huko mwenye mali alitaka kwa makusudi kitu kisahaulike. Tarehe 17 Novemba 1978 kituo cha CBS kilionyesha Star Wars Holiday Special, ambamo Chewbacca, mmoja wa wahusika wa filamu ya Star Wars, anarudi kwao kusherehekea sikukuu na familia yake. Sehemu ya mwanzo, kwa dakika nyingi, wanazungumza kwa miguno mitupu bila tafsiri yoyote chini ya skrini. Kisha zinakuja nyimbo, vichekesho vya mapishi, na mwigizaji wa filamu hiyo, Carrie Fisher, mwenyewe akiimba. Kipindi ni kibovu kweli na sitakitetea. Hakikurudiwa tena hewani, na George Lucas, muumba wa Star Wars, hakuficha kwamba anakichukia. Hata hivyo safari hii watu walikuwa na deki. Nakala zikapita mkono kwa mkono, zikanakiliwa kutoka nakala ya nakala mpaka nyuso zikaanza kufifia, matangazo ya biashara yakiwa bado yamo ndani. Katikati ya uozo huo kuna katuni fupi iliyomwonyesha Boba Fett kwenye skrini kwa mara ya kwanza, mhusika ambaye baadaye alikuja kupendwa na mamilioni. Asingekuwepo mtu wa kubonyeza kitufe cha kurekodi usiku ule, historia hiyo ingebaki simulizi.

Tuje kwenye filamu ninayoipenda kuliko zote za msimu huu. It's a Wonderful Life ya Frank Capra ilizinduliwa New York tarehe 20 Desemba 1946. Iligharimu zaidi ya dola milioni 3 na haikurudisha fedha zake. James Stewart alikuwa ametoka vitani, alikokuwa rubani wa ndege za mabomu, na hii ndiyo filamu yake ya kwanza baada ya vita. Hadithi yenyewe ilikuwa imekataliwa na wachapishaji. Mtunzi wake, Philip Van Doren Stern, aliichapa mwenyewe nakala 200 na kuwatumia ndugu na marafiki kama kadi ya Krismasi mwaka 1943.

Itazame ile theluji. Kabla ya hapo studio zilikuwa zikimwaga vipande vya mahindi vilivyopakwa rangi nyeupe, na mwigizaji akivikanyaga vinaalika kiasi kwamba maneno hayasikiki, hata ikabidi sauti irekodiwe upya baadaye. Mafundi wa studio ya RKO wakachanganya povu la mitungi ya kuzimia moto na sabuni, wakalipuliza kwa mashine, likashuka polepole na kimya. Ndiyo maana Stewart anaweza kunong'ona kwenye theluji na tukamsikia. Filamu ilipigwa kiangazi, kwenye joto kali la California, na ukimwangalia vizuri pale darajani utaona uso wake umelowa jasho.

Filamu ikalala. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitoa hakimiliki kwa miaka 28, kisha mwenye mali alitakiwa kuihuisha. Mwaka 1974 waliokuwa nayo hawakufanya hivyo. Vituo vya televisheni vikagundua kwamba vinaweza kuionyesha bila kulipa ada ya picha zenyewe, vikaionyesha Desemba nzima, asubuhi na usiku, mwaka baada ya mwaka. Kizazi kizima kikakua nayo. Kufika 1993, kampuni iliyokuwa na haki za hadithi na muziki ilipoanza kuidai upya, filamu ilikuwa tayari mali ya nyoyo za watu.

Wapo wanaoiita filamu ya sukari. Sikubaliani nao. George Bailey, mhusika anayechezwa na Stewart, anasimama darajani mkesha wa Krismasi akitaka kujiua kwa sababu dola 8,000 za watu zimepotea. Kinachomwokoa ni kuonyeshwa ulimwengu ambao yeye hakuzaliwa: mji uleule, barabara zilezile, lakini ndugu yake amekufa na mama yake hamtambui. Huo ni ulimwengu sambamba kabisa. Kitu hichohicho angekitoa mwandishi Rod Serling kwenye tamthilia yake ya televisheni, The Twilight Zone, na hakuna ambaye angesita kukiita hadithi ya kisayansi.

Serling mwenyewe alizaliwa siku ya Krismasi, mwaka 1924. Alianza kama mwandishi wa michezo ya kweli ya maisha. Mwaka 1955 kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili Mississippi na wauaji wakaachiwa huru. Serling alipojaribu kuandika mchezo uliotokana na mauaji hayo, wadhamini na kituo wakaukatakata hadi haukujulikana ulihusu nini. Baada ya hapo akahamia kwenye sayari za mbali na viumbe wa ajabu, na kule akasema yote. Wadhamini hawakuona hatari katika kiumbe wa Mars. Kati ya vipindi 156 vya The Twilight Zone, yeye aliandika 92.

Kimojawapo, The Night of the Meek, kilirushwa tarehe 23 Desemba 1960. Art Carney anacheza mlevi anayekodiwa na duka kuvaa mavazi ya Baba Krismasi, kisha anaokota gunia linalotoa zawadi yoyote anayotamani mtu. Kilirekodiwa kwa video ili kupunguza gharama, kwa hiyo picha yake ni butu ukilinganisha na vipindi vingine. Hilo halinisumbui. Carney akisema kwa nini anakunywa, kwamba anaishi mtaa uliojaa watoto wenye njaa na yeye hana cha kuwapa, utasahau ubora wa picha.

Kuhusu ule ubishi kama filamu ya Die Hard ni ya Krismasi, nitasema kwa kifupi: ilitolewa Julai 1988, lakini ni ya Krismasi. Mume amesafiri kutoka New York hadi Los Angeles mkesha wa sikukuu kwenda kupatana na mke wake. Risasi ni vikwazo vya njiani.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba vitu hivi havikuokolewa na wenye mali umetoka Afrika. BBC ilikuwa ikiuza Doctor Who nje kwa filamu za milimita 16. Makopo yalifika kituo kimoja, yakaonyeshwa, kisha yakatumwa kituo cha nchi nyingine au yakaamriwa kuteketezwa. Si kila amri ilitekelezwa. Mtafiti Philip Morris alizunguka vituo vya bara hili kwa miaka, na huko Jos, Nigeria, akakuta makopo kwenye rafu ya kituo cha kurushia matangazo. Oktoba 2013 vikatangazwa vipindi tisa vilivyokuwa vimepotea.

Vitano kati ya hivyo tisa vilikamilisha kisa cha The Enemy of the World. Kwa miongo kadhaa kilikuwa kimebaki kipindi kimoja tu cha kisa hicho, cha tatu, nacho kinapita taratibu sana, hivyo wapenzi wengi walishaamua kwamba kisa chote hakina lolote. Makopo yalipofunguliwa wakamwona Patrick Troughton, aliyerithi nafasi ya Hartnell, akicheza watu wawili, Daktari na dikteta aliyefanana naye, kwa ustadi wa kushangaza, na ubishi wa miongo minne ukapinduka ndani ya wiki chache. Kisa cha pili, The Web of Fear, kilirudi bila sehemu yake ya tatu.

Kenya na Uganda nazo zilikuwa kwenye orodha ya wanunuzi miaka hiyo ya 1960, wakati Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa mpaka 1994. Makopo ya filamu yalipita Nairobi na Kampala. Mafundi walioyafungua, wakayaweka kwenye mashine na kuyarudisha stoo sasa ni wazee, na wengine bado wapo. Ni watu wa kutembelewa mwaka huu na kuulizwa: yaliteketezwa yote, yalipelekwa nchi gani, au kuna stoo ambayo haijafunguliwa?