Dola ya Uthmaniya ilivyopanuka (2): Baada ya jeshi, karani

Wiki iliyopita tuliishia katika uwanda wa Kosovo, mwaka 1389. Sultani Murad wa Kwanza aliuawa, na Lazar, mtawala wa Waserbia, naye akauawa. Hata hivyo Waturuki hawakuimeza Serbia papo hapo. Stefan, mwana wa Lazar, aliachiwa kiti cha baba yake kwa masharti kwamba alipe kodi kila mwaka na alete askari kila aitwapo. Dada yake, Olivera, aliozwa kwa Sultani Bayezid, mwana na mrithi wa Murad.

Mwaka 1402 Bayezid alipambana na Timur, mtawala kutoka Asia ya Kati, karibu na Ankara. Stefan, Mkristo, alipigana upande wa Bayezid kwa ushujaa, ilhali wapanda farasi Waislamu wa Anatolia, ambao nchi zao zilikuwa zimetwaliwa karibuni, walimkimbia. Nalisisitiza hili kwa sababu bado tunasimuliwa kwamba dola hii ilijengwa kwa dini na upanga tu. Serbia iliingizwa kabisa katika himaya mwaka 1459, miaka 70 baada ya Kosovo.

Nchi ikishatwaliwa, walifuata makarani. Daftari la Albania la mwaka 1431, mojawapo ya madaftari ya kale kabisa yaliyosalia, linaorodhesha vijiji, kaya, wajane na kodi inayotarajiwa, kisha jina la askari anayepewa mapato hayo. Mgawo huo uliitwa timar. Askari hakumilikishwa ardhi; alipewa haki ya kukusanya kodi tu, na kwa kodi hiyo ajigharimie farasi na silaha. Asipokwenda vitani, ananyang'anywa. Katika daftari hilo wamo Wakristo waliopewa timar bila kubadili dini.

Kwa sultani huo ulikuwa mpango wa busara kubwa: alipata jeshi bila kufungua hazina. Lakini mabwana wa Albania waliona mashamba yao yakiandikwa majina ya wengine, na mwaka uliofuata wakaasi. Daftari lile lile lililotawala ndilo lililowasha moto.

Mfumo huu haukutumika kila mahali: Misri, iliyotekwa mwaka 1517, haikugawiwa timar. Gavana alikusanya kodi, akalipa askari, na ziada ikapelekwa Istanbul. Wiki ijayo tutaingia Misri, maana ndiyo iliyowafungulia Waturuki Bahari ya Shamu, hata merikebu zao zikafika Mombasa katika miaka ya 1580.