NENO "KUJENGA" NA JASHO LA WANANCHI

Neno "kujenga" tumelizoea mno, hata hatulipimi tena. Wazee wa pwani walipambanua: fundi wa mawe na chokaa "huaka", naye hadi leo huitwa mwashi, asimamishaye nguzo na kufunga fito ndiye "hujenga". Basi nyumba ya miti na udongo ya mkulima wa Handeni ndiyo iliyojengwa kwa maana halisi ya neno.

Baada ya Uhuru wa 1961 magazeti, "Uhuru" la TANU likiwamo, yalilitwika neno hilo mzigo mkubwa: kujenga taifa. Hapana shaka lilifaa. Nyumba ya fito haisimami kwa mkono mmoja: huyu hukata miti, yule hufunga, wengine hukanda udongo na kukandika.

Lakini neno likisemwa sana jukwaani husahau mikono. Mkata mkonge wa Korogwe alijenga taifa kila alfajiri, wala jina lake halikuandikwa. Ndugu wananchi, tusomapo magazeti yale, kila tukutapo "tumejenga" tuulize: ni nani aliyekanda udongo?