Mahari Haijaisha: Je, Mimi ni Mke Halali?

Hapa Dagahaley, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, wamo Wakatoliki waliotoka Sudan Kusini, ambako kwa wengi mahari ni ng'ombe. Ndiyo maana bibi arusi huweza kuambiwa: "Ng'ombe hawajaisha, wewe bado si mke."

Mama, usitishike. Kanisa linafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili, ikitamkwa mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Ng'ombe waliobaki ni deni kati ya familia, hawavunji sakramenti. Hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema kwa ndoa ya kimila sehemu ndogo tu ya mahari yatosha kuwa ushahidi. Inataka pia kila mmoja awe ametimiza miaka 18, na ndoa iandikishwe.

Basi fuatilia cheti chako. Kagua majina na tarehe, kisha kiweke pamoja na cheti cha ubatizo. Mume akifariki, au mkihamia nchi nyingine, hicho ndicho kitakachokusemea wewe na watoto. Na wakwe? Waheshimu. Salini pamoja jioni, deni lilipwe polepole.