Carlik Jones: Mlinzi aliyeachwa na NBA, akaibeba Sudan Kusini

KILA mwaka timu za Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Marekani (NBA) huchagua wachezaji wapya katika raundi mbili zenye nafasi zisizozidi 60. Anayechaguliwa raundi ya kwanza huwa na uhakika wa mkataba mnono. Asiyechaguliwa hulazimika kubisha hodi mwenyewe.

Carlik Jones ni miongoni mwa walioachwa. Mlinzi huyo, mzaliwa wa Cincinnati, Marekani, alichezea Chuo Kikuu cha Radford, na mwaka 2020 akawa mchezaji bora wa ligi ya vyuo ya Big South. Baadaye alihamia Louisville. Majina yaliposomwa Julai 2021, lake halikuwamo.

Kwa mchezaji wa aina hiyo hubaki njia chache: ligi ndogo ya NBA, iitwayo G League, mikataba ya siku 10, ambayo timu hutumia kuziba mapengo ya muda, au kwenda kucheza ng’ambo. Jones alizipita zote. Msimu wa 2021/22 alipata mikataba ya siku 10 Dallas Mavericks na Denver Nuggets. Msimu uliofuata, akiwa chini ya Chicago Bulls, alitangazwa mchezaji bora wa G League. Hata hivyo, Oktoba 2023 Bulls walimwacha, naye akaenda China, kisha mwaka 2024 akajiunga na Partizan ya Belgrade, Serbia.

Ugumu wa njia hiyo humwelemea zaidi mlinzi mwongozaji. Yeye ndiye anayepandisha mpira, kupanga mashambulizi na kuamua nani apewe pasi. Kazi hiyo hudai kuzoeana na wenzake, na siku 10 hazitoshi hata kujifunza mipango ya kocha.

Muda huo Jones aliupata Sudan Kusini. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa (FIBA) huruhusu kila timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16, na nafasi hiyo akapewa yeye. Katika Kombe la Dunia la 2023 aliwaongoza wachezaji wote kwa pasi zilizozaa vikapu, zaidi ya 10 kwa mchezo. Sudan Kusini iliyashinda mataifa ya China, Ufilipino na Angola, ikafuzu Olimpiki kwa mara ya kwanza.

Julai 20, 2024, jijini London, Marekani iliponea chupuchupu kwa pointi 101-100 katika mchezo wa kirafiki, Jones akiwa na pointi 15, pasi 11 na mipira 11 aliyodaka. Siku nane baadaye, kwenye Olimpiki ya Ufaransa, Sudan Kusini iliifunga Puerto Rico 90-79, naye akapachika pointi 19.

Watanzania wanaujua upande wa pili wa sarafu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, lakini safari yake NBA ilikoma msimu wa 2013/14. Kwa vijana wanaocheza kikapu kuanzia Bugwema hadi Dar es Salaam, mifano hiyo miwili yaonyesha kwamba kuchaguliwa hufungua mlango tu. Kinachomjenga mchezaji ni muda wa kucheza, popote anapoupata.