Mtutu Mrefu Haukuongezei Masafa

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza, mwenye nyumba wa Diani leo, mwenye shamba wa Msambweni kesho: "Fundi, nichukue mtutu wa inchi ngapi ndio ufike mbali?" Nimechoka. Mtutu si mpira wa kumwagilia maji.

Imani hii tumeirithi kwa gobori. Baruti nyeusi ya zamani ilihitaji njia ndefu ndipo imalize kusukuma risasi. Mbaruk bin Rashid Mazrui alipoinuka dhidi ya Waingereza kutoka Gasi, mwaka 1895, magobori yalikuwa tele mwambao mzima, na aliyetaka mtutu mrefu alikuwa na hoja. Wazee hawakukosea. Lakini baruti iliyo ndani ya risasi zako si ile yao.

Ya leo huwa imefanya karibu kazi yake yote ndani ya inchi 20 za mwanzo. Kwenye bunduki ya marisau, kila inchi unayoongeza baada ya hapo inakupa mita mbili tatu tu kwa sekunde, na marisau yenyewe hutoka kwa takriban mita 400 kwa sekunde. Kati ya mtutu wa inchi 26 na wa 30, basi, tofauti ni kama mita kumi kwa sekunde. Nani ataihisi? Kinachozuia marisau yasitawanyike mapema ni mbano wa mdomo wa mtutu, na mbano huo waweza kuwa kwenye mtutu mfupi au mrefu. Hata ukiwa nao, ukipita mita 40 unabahatisha. Tena kuna mafundi wa vichochoroni wanaoupiga tupa mdomo wa mtutu "ili uvute". Wanakuharibia mbano huohuo, na bado wanakutoza.

Mtutu mrefu una faida moja ya kweli: hutulia mkononi unapofuata shabaha inayokwenda.

Kwa hiyo: ulinzi wa nyumba yenye milango na korido, inchi 18 hadi 20. Kulenga vigae vinavyorushwa hewani, 28 au 30; mwenye mikono mifupi, 26. Bastola, inchi nne au zaidi kidogo. Wowote utakaochagua, upepo wa chumvi haubagui: upake mafuta kila wiki.

Na wewe wa Kubo unayetafuta mtutu wa kumfikia ndovu wa Shimba Hills: uwindaji ni marufuku Kenya tangu 1977, na marisau yatamkasirisha tu. Pigia shirika la wanyamapori, KWS, ukae ndani.