Mji Juu ya Meza

Wapo watu wazima huko Ulaya, Marekani na Australia, wenye watoto na kazi za heshima, ambao jioni wakisharudi kazini hukaa mezani wakipanga vitofali vya plastiki. Wala si kibanda cha mtoto wanachokijenga. Hujenga mtaa mzima: kituo cha reli na abiria wake, bandari na wachukuzi wake, soko lenye vikapu vya matunda, na nyumba ambayo ukiinua paa lake unamwona mpishi yu jikoni. Msomaji asiharakishe kucheka.

Asili ya mambo haya ni seremala. Katika mwaka 1932, wakati mdororo wa uchumi ulipowanyima wakulima wa Denmark fedha za kuagiza kazi kubwa, Ole Kirk Christiansen wa kijiji cha Billund alianza kuchonga vichezeo vya mbao. Miaka miwili baadaye akaiita karakana yake LEGO, jina lililofupishwa kutoka maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vyema". Vitofali vya plastiki vilitoka mwaka 1949, lakini havikushikana barabara mpaka mwaka 1958, ilipobuniwa mirija ndani ya tofali ya kubana vinundu vya tofali lililo chini yake. Tangu hapo kipimo hakikubadilishwa. Tofali la mwaka huo wa 1958 hushikana na la leo, na hiyo ni amana ambayo viwanda vingi havina.

Yupo mwanahisabati wa Denmark aliyekokotoa kwamba vitofali sita tu vya rangi moja, kila kimoja kikiwa na vinundu vinane, vyaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Basi fikiri mtu mwenye vitofali laki moja.

Hata hivyo, kilichotuvutia zaidi kuliko hesabu ni utaratibu wa watu hawa. Katika vyama vyao hukubaliana kwanza juu ya kipimo: bamba la chini liwe na vinundu 32 kwa 32, njia ya miguu iwe upande huu, na milango ya kuunganishia nyumba na nyumba iwe mahali pamoja. Kisha kila mmoja huenda kwake akajenga apendavyo. Siku ya maonyesho huja na sanduku lake, meza zikaunganishwa, na mji ukatokea ambao hakuna mtu mmoja aliyeujenga. Wengi wao hawakubali gundi, rangi wala msumeno. Penye pembe ngumu hulaza tofali ubavu, na bahari huifanya kwa vipande vya buluu vinavyopenya mwanga. Maonyesho yakiisha, mji hubomolewa, vitofali vikarudi masandukuni kungoja mji mwingine. Sisi tuliokwisha kuona miradi ya pamoja ikikwama kwa kuwa kila kamati ina kipimo chake, tuna haki ya kuona wivu kidogo.

Yapo pia yanayobaki. Mwaka 2013 fundi wa Australia, Ryan McNaught, alikamilisha Akropoli ya Athens kwa vitofali zaidi ya 120,000 kwa ajili ya jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Sydney. Humo watu wa kale na wa leo wanapanda kilima kimoja. Mwaka uliofuata kazi hiyo ilipelekwa Athens kwenyewe, ikawekwa katika Jumba la Makumbusho la Akropoli, jirani na mawe ya kweli. Wagiriki, wenye magofu yao wenyewe, hawakuona aibu kupokea kichezeo.

Mwandishi wa safu hii alipokuwa chuoni alichapwa kwa sababu ya ngalawa. Ilikuwa ya malapa yaliyokatwa kwa kisu, mlingoti wa kijiti, tanga la mfuko wa nailoni, na matengo mawili yaliyopimwa kwa shubiri ili isipinduke. Mwalimu aliitia motoni, kwa kuwa ilinishughulisha kuliko juzuu. Simlaumu, lakini mpaka leo najua kwa nini tengo likiwa fupi ngalawa hulala, na jambo hilo sikufundishwa na mtu.

Na mitepe tumeijuaje? Jahazi zile zilizoshonwa kwa kamba bila msumari zilitoweka baharini katika karne iliyopita. Waliotaka kuzifahamu baadaye walitazama picha na mifano midogo iliyochongwa na mafundi, kama ile iliyohifadhiwa Lamu na Fort Jesus, Mombasa. Kichezeo kikawa shahidi.

Tunalisema hili kwa sababu ya siku ya tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib pamoja na mnara wake wa saa ilipoporomoka, na watu wawili wakafariki. Nyumba hiyo iliyojengwa mwaka 1883 tumeipita wengi wetu maelfu ya mara. Ni wangapi wanaoweza kusema nguzo zake zilisimama ngapi upande wa baharini?

Hatusemi vitofali vya Denmark viagizwe kwa shehena. Bei yake si ya mfuko wa mwananchi, na plastiki ufukweni tunayo ya kutosha. Tunawaomba wakuu wa elimu na wa mambo ya kale wawape vijana wa skuli za Mji Mkongwe futi, karatasi na mbao laini, wakubaliane kipimo kimoja, na kila skuli ichukue mtaa wake: milango, mabaraza, vyumba vya ndani na ngazi. Meza ziunganishwe baadaye. Na ianzwe kwa nyumba ambazo waashi na maseremala wake wa zamani wangali hai, maana vipimo vingine havimo katika ramani yoyote ila vichwani mwao.