BARAKOA: TANGAZO LA MLANGONI PEKEE HALITOSHI



Baadhi ya kamati zimetuuliza: ugonjwa unaoenea kwa njia ya hewa ukizuka tena, je, tuweke sharti la barakoa mlangoni mwa kanisa? Katika toleo hili tunapenda kueleza tuliyojifunza wakati wa UVIKO-19.

Kwa nini barakoa?

Mtu anapokohoa, kuzungumza au kuimba hutoa matone madogo yanayoweza kubeba vimelea vya ugonjwa. Barakoa inayofunika pua na mdomo huyapunguza. Kwa UVIKO-19, mtu aliweza kuambukiza wengine kabla hajajisikia kuumwa. Ndiyo maana tarehe 5 Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri serikali zihimize wananchi wote, si wagonjwa tu, kuvaa barakoa pale ambapo ugonjwa umeenea na watu hawawezi kuachiana nafasi.

Njia ya adhabu

Majirani zetu wa Kenya waliweka kanuni mwezi Aprili 2020. Asiyevaa barakoa mahali pa umma aliweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 20,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kwa kibarua wa kutwa hiyo ni adhabu nzito. Hata hivyo, wengi waliishusha barakoa kidevuni na kuipandisha walipomwona askari. Woga humfanya mtu atii anapotazamwa tu.

Njia ya kufikisha na kueleza

Huko Bangladesh, kuanzia Novemba 2020, watafiti walifanya jaribio katika vijiji karibu 600. Katika nusu ya vijiji hivyo, barakoa ziligawiwa bure nyumba kwa nyumba, watu wakaelezwa faida zake, viongozi wa dini na wa jamii wakawa mfano, na wahamasishaji wakawakumbusha watu kwa upole sokoni na misikitini. Uvaaji sahihi ulikuwa asilimia 13 katika vijiji vingine, lakini hapo ulifikia asilimia 42. Palipogawiwa barakoa za hospitali, wagonjwa wenye dalili waliothibitishwa kwa vipimo vya damu walipungua kwa takriban asilimia 11, na wazee wenye miaka 60 na zaidi walinufaika zaidi. Ujumbe wa simu na zawadi kwa vijiji havikuongeza kitu.

Nasi tulikosea

Ni lazima tukiri kwamba nasi tulianza kwa tangazo: "Bila barakoa huingii." Waliorudi nyumbani walikuwa wajane na wazee wasio na fedha ya kununua, yaani wale wale tuliotaka kuwalinda. Mafundi cherehani wa kikundi cha akina mama waliposhona barakoa za vitambaa, nao wazee wa kanisa wakazipeleka majumbani, hatukuhitaji tena kumzuia mtu mlangoni.

Ushauri wetu

Kabla ya kuandika sharti, kamati ijiulize: asiye na uwezo ataipata wapi barakoa? Nani atamweleza? Je, mchungaji na wazee wataivaa kwanza? Madirisha yafunguliwe pia, kwa kuwa hewa safi haigharimu kitu. Tusisubiri janga jipya: kifua kikuu bado kipo katika vijiji vyetu, na mgonjwa anayevaa barakoa huwakinga jirani zake.

Kwa wafadhili wetu tunasema: kitambaa, uzi na nauli ya mhamasishaji vinafaa zaidi kuliko mabango.